Karanga, Biskuti na Ndagala: Mafunzo Matano Niliyopata kwa Mwanangu

Mwanangu wa pili ana miaka tisa. Ana usonji, na maneno yake ni ya kuhesabu. Hapa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, tunaishi kwa ndagala, yaani dagaa: tunazinunua mwaloni, tunazianika, tunazichambua kokoto, kisha sokoni. Nilitaka naye ajue kuchambua. Mtaalamu wa tiba ya tabia akanifundisha kumtuza kila amalizapo.

1. Kuchagua si kupenda. Nilimwekea biskuti na karanga. Leo akachukua hiki, kesho kile. Nikaamini kwake vyote ni sawa.

2. Kazi ndiyo inayofichua. Kwa kikombe kimoja cha ndagala, biskuti ilitosha. Tulipofika vikombe vitano, aliisukuma kando, akanyoosha mkono kwenye karanga. Mtaalamu hakushangaa. Alinieleza kuwa mwaka 1997, huko Marekani, Iser DeLeon na wenzake waliona jambo hilohilo: kazi ilipokuwa ndogo, vyakula viwili vilikwenda sare, ilipoongezwa, kimoja kikashinda. Basi anachokipenda mtoto hukijui mpaka akitolee jasho.

3. Kabla ya kulaumu zawadi, itazame kazi. Siku moja hata karanga alizikataa. Nikawaza kumnunulia soda. Kisha nikaona: ungo mpana kuliko mapaja yake, jua la saa nane, nzi usoni. Nikamhamishia chini ya mwembe, nikampa sahani badala ya ungo. Biskuti ileile aliyoisukuma akaila, akarudi kazini.

4. Tuzo si hongo. Mamamkwe alinionya: "Mkamwana, mtoto unamhonga."

"Hapana, mama. Hongo ningempa ili aache kulia. Hii anaipata akishamaliza. Hata sisi ndagala hatuzichambui bure."

Akacheka, akaomba karanga.

5. Pima tena. Kilichomvuta mwezi jana huenda leo kimemchosha, na mikono iliyozoea huiona kazi nyepesi. Kwa hiyo kila Jumatatu namwekea upya vitu viwili, nikianza na kikombe kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, nione anaachia wapi.

Jumatatu iliyopita aliviacha vyote viwili. Alinishika kiganja, akanivuta hadi kwenye gunia, akamimina mwenyewe ndagala alizochambua, huku ameinamisha sikio asikie zinavyochakarika. Sasa, akimaliza, mimi nashika tu mdomo wa gunia.