Rangi zipo chini ya miguu yenu

SWALI: Ninafundisha shule ya msingi hapa Ng'ambo, Tabora. Rangi za dukani ni ghali. Nianze na nini?

JIBU: Mwalimu, anza na udongo. Twanga udongo mwekundu wa kichuguu, uchekeche kwa kitambaa, kisha ukoroge na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Mkaa uliosagwa utakupa nyeusi, chokaa nyeupe. Korogeni ya siku hiyo tu, maana uji huchacha. Watoto wachore juu ya maboksi yaliyokunjuliwa.

Tena Tabora ni nchi ya asali, na kwa warina asali nta haikosekani. Mtoto achore kwa kipande cha nta baridi, akikandamiza, kisha apake rangi nyepesi juu yake. Nta hukataa maji, na mchoro uliokuwa hauonekani utajitokeza. Nalipenda somo hili kuliko yote: mtoto anajifunza sanaa na sayansi kwa mkono mmoja.

Vizibo vya soda navyo vikusanywe. Msanii El Anatsui wa Ghana hufunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na kazi zake zimo katika makumbusho makubwa duniani. Edward Saidi Tingatinga naye, Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari.

Mambo mawili usiyaruhusu kamwe. Wakitafuta vifaa vya sanaa, watoto wasibandue magome ya miyombo, kwani gome likitolewa kuzunguka shina, mti hufa; waokote yaliyoanguka. Na makopo ya dawa za tumbaku yasiingie darasani, hata yakiwa yameoshwa.