Bustani ya Nyumbani Mikelenge: Nani Anaamua Kinachoingia Chunguni?

Fufu ya muhogo hushibisha upesi, lakini ina protini kidogo, na muhogo mweupe karibu hauna vitamini A. Ndiyo maana mtoto anaweza kulala ameshiba na bado akadumaa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, 43 walikuwa wamedumaa. Na katika watoto 100 wa miezi 6 hadi 59, 60 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo pia vinachangia, kwa hiyo bustani haichukui nafasi ya chandarua wala ya kituo cha afya. Lakini sehemu ya chakula iko mikononi mwetu, hapo kiwanjani, hapa mtaani Mikelenge kama kule katika mitaa ya Kasuku na Alunguli.

Bustani peke yake haitoshi. Lengalenga linaweza kuota vizuri, lote likaenda sokoni, na mtoto akabaki na fufu na mchuzi. Miradi mingi ya Afrika iliyogawa mbegu tu iliongeza mboga, lakini ilibadilisha kidogo miili ya watoto. Huko Burkina Faso, kati ya 2010 na 2012, shirika la Helen Keller liliwapa akina mama wenye watoto wachanga mafunzo ya kilimo na ya kulisha mtoto kwa pamoja: kuhara kulipungua, na damu ya watoto wadogo zaidi ikaongezeka. Uganda inatufundisha jambo la ndani zaidi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A, vilipopelekwa vijijini kuanzia 2007, watafiti waliangalia ni shamba la nani linalovipokea. Havikupendelea shamba linalosimamiwa na mke peke yake. Vilipandwa zaidi pale mume na mke walipolisimamia shamba pamoja, mke akiwa ndiye mwenye neno la kwanza kuhusu cha kupanda. Shamba lililosimamiwa na mume peke yake lilikuwa nyuma kabisa.

Baba atasema: kiwanja ni changu, mimi ndiye kichwa cha nyumba. Hakuna anayemnyang'anya kiwanja. Anayejua mtoto ameanza kuhara, au kwamba mjamzito anaona kizunguzungu, ni yule anayepika. Kumpa neno la kwanza ni kuweka uamuzi karibu na habari. Hata Sheria ya Familia ya 1987, iliyomtaka mke aombe ruhusa ya mumewe katika mambo ya kisheria, ilirekebishwa mwaka 2016. Wengine husema pesa ya mboga hununua samaki, chumvi na sabuni. Ni kweli, na samaki ni chakula bora. Basi chungu kitangulie, soko lifuate, na pesa ipitie kwa mama. Pingamizi zito kuliko yote ni la akina mama wenyewe: tayari wanabeba maji, kuni na mtoto, na sasa bustani tena? Wana haki. Bustani inayomchosha mjamzito inaharibu afya ambayo ilipandwa kuilinda. Kuamua kusiwe jina jingine la kufanya kila kitu: kulima tuta na kujenga uzio ni kazi ya baba na vijana.

Uzio huo usiwe wa chandarua chenye dawa. Chandarua ni cha kitanda. Matuta yawe mbali na choo, na mboga zioshwe kwa maji safi, maana kipindupindu hupita hapo. Sombe itwangwe vizuri na ichemshwe muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu. Lengalenga na matembele hayataki moto mrefu. Mawese yasichomwe hadi wekundu upotee, kwani ndio unaobeba vitamini A. Mtoto akitimiza miezi 6, aendelee kunyonya huku akipewa mboga zilizopondwa laini na papai bivu. Kati ya Juni na Agosti mvua hupungua. Hapo familia ipange mapema nani atachota maji ya bustani asubuhi na nani jioni, na jina la baba liwemo.