Cheti cha kahawa na amani ya mashamba yetu



Wengi wenu mmeacha mashamba ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu. Mnauliza: cheti cha kooperative kinasaidia nini, na sisi tuliohama bado tumo? Somo hili linataka kujibu.

1. Cheti ni nini?

Ni ushuhuda wa shirika la nje kwamba kahawa imelimwa na kuuzwa kwa kufuata kanuni. Viwili vinajulikana kwetu. Fairtrade, yaani biashara ya haki, inakataza dawa kali zilizoorodheshwa na kufyeka misitu, na inadai maji machafu ya kuoshea kahawa yasiharibu mito. Cheti cha kilimo asilia kinakataza mbolea za viwandani na dawa za kemikali. Shamba la kahawa husubiri miaka 3 kabla ya kukubaliwa.

2. Kimebadilisha nini?

Zamani wakulima wa Kalehe walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wakabadilisha kahawa na chakula huko Rwanda. Wengi walizama. Kooperative SOPACDI ya Minova ilianzishwa mwaka 2003, na mwaka 2011 ikapata cheti cha Fairtrade. Kahawa ikaoshwa huku kwetu na kuuzwa Ulaya kwa njia halali.

Agosti 2023, Fairtrade iliweka bei ya chini ya arabika iliyooshwa kuwa dola 1.80 kwa ratili moja (gramu 454). Ikiwa ni ya kilimo asilia, huongezwa senti 40. Soko likipanda zaidi, bei ya soko hufuatwa. Juu yake kuna senti 20 za maendeleo, na ni mkutano mkuu wa wanachama unaoamua zitumiwe wapi.

3. Ugomvi unatoka wapi?

Bei hiyo ni ya kahawa iliyo tayari kupakiwa melini, si ya matunda mekundu. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Ndani ya bei hiyo mnatoka pia gharama za kuosha, usafiri na kodi. Mkulima asipoelezwa hesabu, atasema viongozi wamekula. Basi hesabu isomwe mbele ya wote na kubandikwa ukutani.

4. Cheti wakati wa vita

Januari 2025 mapigano yalifika Minova, watu wengi wakakimbia. Cheti hakizuii risasi. Kilimo asilia hudai ukaguzi kila mwaka. Mkaguzi akishindwa kufika, cheti chaweza kusimamishwa. Na mtu akiingia katika shamba lililoachwa, akanyunyiza dawa, miaka 3 itabidi ianze upya. Akikata miti ya kivuli kwa ajili ya makala, itachukua miaka mingi kuirudisha.

Lakini kila cheti kinategemea daftari: jina la mkulima, mahali pa shamba na ukubwa wake. Daftari hilo si hati ya udongo, ila linaonyesha nani alikuwa akilima wapi kabla ya vita. Ndiyo faida ambayo wengi hawaioni.

5. Tufanye nini?

- Familia: tunzeni kadi ya mwanachama na risiti. Zikipotea, julisheni kooperative mapema. Mume akifariki, mjane aombe jina lake liandikwe.
- Ukimwachia jirani shamba, mwandikiane mbele ya mashahidi: atavuna nini, hatanyunyiza dawa, hatakata miti, atarudisha lini.
- Viongozi wa kooperative: wekeni nakala ya daftari mahali pawili.
- Viongozi wa kijiji: msigawe shamba la aliyekimbia kabla ya kutazama daftari na kuuliza majirani. Aliyelima humo kwa sababu ya njaa naye asikilizwe, apewe muda wa kuvuna mihogo yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Jina la nani limeandikwa kwa shamba letu: la baba, la mama, au la wote wawili?
2. Ni nani anayelilinda leo, na tulipatana nini naye?
3. Tukirudi na kumkuta mtu shambani, tutaanzia kwa nani ili tusipigane?