Mafunzo Niliyopata Nikiwa na Mimba Changa

Mimba yangu ya kwanza iliingia msimu wa kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, kijiji chetu cha Chiungutwa kikinuka kila upande. Nilichefuka asubuhi, mchana na usiku. Kwa wengi hali hiyo huanza kwenye wiki ya 6 na hutulia kati ya wiki ya 12 na 16. Haya yalinivusha.

1. Usiamke na tumbo tupu. Niliweka ming'oko (viazi pori) ya kuchemsha au kipande cha muhogo kando ya kitanda, nikatafuna kabla ya kusimama. Baadaye nilikula kidogo kidogo, mara nyingi. Kubeba ndoo ya maji kabla ya kula sikuthubutu tena.

2. Ikimbie harufu. Salfa alipuliza mume wangu, dagaa alikaanga wifi. Mimi nilikula chakula kikishapoa, maana mvuke wake ndio ulionichefua.

3. Kunywa kwa funda. Kikombe kizima kilirudi palepale. Funda chache za maji yaliyochemshwa zilikaa. Chai ya tangawizi isiyo na maziwa ilinisaidia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, limeitaja tangawizi pamoja na vitamini B6 kwa kutuliza kichefuchefu cha mimba changa.

4. Vidonge vya kuongeza damu usivitupe. Vilinichafua tumbo, nikamweleza nesi wa kliniki. Akaniambia, "Meza usiku, ukishakula, dada." Nikavimudu.

5. Dawa ya kutapika usijinunulie dukani. Dawa ya thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi. Kula udongo wa pemba nako nilikuacha: udongo huo unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi.

6. Si kila kutapika ni mimba. Ukisikia homa, kapime malaria siku hiyohiyo. Maji yasipokaa tumboni kutwa nzima, mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, ukiona kizunguzungu au damu kwenye matapishi, nenda kituo cha afya ukatundikiwe dripu. Ikizidi, kwetu ziko hospitali za Mkomaindo na Ndanda.

Mkojo wangu ulipobadilika, mama mkwe alisema, "Jikaze mwanangu, sote tulipita huko." Nikamwitikia, "Ndiyo, mama," kisha nikaita bodaboda.