Kuandaa Injini Iliyotumika kwa Mauzo ya Mtu kwa Mtu

Somo hili linamhusu mlaji anayegeuka kuwa muuzaji. Wilayani Chunya jambo hili si geni. Hilux iliyobeba mawe ya dhahabu au tumbaku kwa miaka mingi huoza bodi ilhali injini yake bado ina nguvu, na mwenye gari huona heri aiuze injini peke yake kwa mtu wa Makongolosi au wa Mbeya mjini. Hapo hapana duka, hapana risiti ya mashine, wala dhamana ya kiwandani. Wapo watu wawili, fundi mmoja na fedha taslimu, na mara nyingi fedha hizo ni akiba ya msimu mzima.

Wengi huamini kwamba wakisema "ninaiuza kama ilivyo" wamekwisha kujikinga. Maneno hayo yana faida yake, lakini hayamkingi aliyedanganya wala aliyeuza mali isiyo yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimbebeshi mtu binafsi wajibu wa ubora kwa uzito ule inaombebesha mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Hata hivyo, kwa kawaida humchukulia muuzaji yeyote kuwa ameahidi mambo mawili: kwamba ana haki ya kuuza, na kwamba kitu kinalingana na maelezo aliyoyatoa. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Kwa hiyo kinachokufunga zaidi ni yale uliyoyasema juu ya injini, na ndiyo maana maandalizi huanza kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye spana.

Itafute namba ya injini. Imegongwa kwenye bloku, na kwa kawaida imefunikwa na grisi iliyoshikana na vumbi. Ifute kwa kitambaa kilicholowa dizeli. Usiiguse kwa msasa wala grainda, kwa kuwa namba iliyokwaruzwa humfanya kila anayeiona adhani injini ni ya wizi. Ilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa hazifanani, huenda mwenye gari aliyekutangulia alibadili injini bila kutoa taarifa. Tafuta hati za mabadiliko hayo kabla ya kumwita mnunuzi, kwani maelezo yakitolewa baada ya polisi kuuliza hayapokelewi kwa urahisi.

Itambue pia aina yenyewe. Injini za dizeli za Toyota za 3L na 5L hufanana kwa sura, lakini ya kwanza ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779 na ya pili 2,986. Anayeuza 3L kwa jina la 5L ametoa maelezo yasiyo ya kweli hata kama aliambiwa hivyo na fundi wake. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko udanganyifu wa makusudi, na ni rahisi kuliepuka: soma alama iliyo kwenye bloku wewe mwenyewe.

Usiitoe injini ndani ya gari kabla mnunuzi hajaisikia ikiunguruma. Injini iliyolazwa chini ya mwembe haithibitishi lolote, na bei yake hushuka kwa sababu hiyo. Mwalike asubuhi, ikiwa bado ya baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla mgeni hajafika huficha ugumu wa kuwaka. Atazame moshi: wa bluu huashiria oili inayoungua, na mweupe usiokoma, wenye harufu ya maji ya rejeta, huelekeza kwenye gasketi au silinda hedi. Afungue kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka. Mvuke mwingi unaosukuma mkono ni dalili ya ringi zilizochoka. Vumbi la mawe ya Chunya hula ringi upesi pale kichujio cha hewa kinapopuuzwa.

Kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambacho mafundi hukiita kompresheni, ndicho ushahidi bora kuliko wote. Fundi atumie geji ya dizeli, maana ile ya petroli haihimili shinikizo hilo. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa nyanda za juu hulisahau, nalo huwapunja. Chunya iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Geji itasoma chini ya kitabu cha mtengenezaji hata kwa injini nzima. Kwa hiyo linganisha silinda kwa silinda: nne zinazokaribiana ni habari njema, na moja iliyoachwa mbali na wenzake ni ugonjwa. Andika namba zote nne pamoja na mahali zilipopimwa.

Kilomita za dashibodi nazo zisikupe uhakika usiokuwapo. Injini iliyowahi kuendesha pampu au karasha ilifanya kazi kwa saa nyingi ambazo dashibodi haikuzihesabu. Lisemwe hilo. Kuosha injini ni halali, ila iendeshe tena siku chache baada ya kuiosha ili mvujo uonekane. Kuipaka rangi mpya, au kuiongezea oili nzito ili isigonge mbele ya mnunuzi, ni kuficha kasoro.

Ikishatolewa, mwaga oili na maji ya rejeta katika vyombo, mbali na kisima na mto, kisha ziba kila tundu kwa plastiki na utepe. Matambara husahaulika ndani. Ifunge wima juu ya mbao. Barabara ya kushuka Mbeya ina kona nyingi.

Mkataba wa mauziano uwe na maelezo ya kawaida yasiyo na sifa za bure. Kwa mfano: "Injini ya dizeli Toyota 3L, silinda nne, namba kama ilivyo kwenye kadi. Gasketi ya silinda hedi ilibadilishwa baada ya gari kuchemsha. Inavuja oili kidogo kwenye sili ya nyuma. Kwa kadiri ninavyojua, pistoni hazijawahi kufunguliwa." Kila kasoro iliyoandikwa hapo mnunuzi hawezi kuirudisha baadaye kama lawama. Ambatisha nakala ya kadi, bei, tarehe, na saini za wote wawili mbele ya mashahidi. Ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa ni mahali pazuri pa kusainia.

Bodi uliyobaki nayo ingali imesajiliwa kwa injini iliyokwisha kuondoka. Peleka taarifa ya mabadiliko Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), yenye daftari la usajili wa magari, na umkumbushe mnunuzi afanye vivyo hivyo kwa gari atakalolifungia.