Chihiro: Binti Aliyelinda Jina Lake

Wengi wetu tukisikia filamu ya katuni tunawafikiria watoto wadogo. Lakini "Spirited Away" ya Mjapani Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2003, inamfaa hata mwanafunzi wa falsafa, tena akiwa na daftari mkononi. Swali lake ni la zamani: mtu hukuaje?

Chihiro ana miaka 10. Mwanzoni ni mtoto wa kununa tu, amejilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari kwa sababu familia inahama. Wazazi wake wanaingia mahali wasipopajua, wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. Binti anabaki peke yake katika nchi ya mizimu, na ili asalimike inabidi aombe kazi katika nyumba kubwa ya kuogea ya mchawi Yubaba. Anapewa kazi, lakini jina lake linanyang'anywa. Katika alama za jina hilo Yubaba anambakizia moja tu, isomekayo "Sen", maana yake elfu. Binti wa watu amekuwa kama nambari. Kijana Haku anamwonya asilisahau jina lake la kweli, kwani yeye mwenyewe alilisahau la kwake na hajui tena njia ya kurudi kwao.

Hapa filamu inatugusa sisi wa Kilosa na Mikumi. Mabasi yaendayo Dar es Salaam husimama Mikumi, na kati ya abiria huwamo wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Nyumbani aliitwa kwa jina la bibi yake. Mjini anakuwa "dada", au kwa dhihaka, "beki tatu". Wapo wenye nyumba wanaokaa na binti mwaka mzima bila kujua jina la baba yake. Yubaba hayuko mbali kiasi hicho.

Je, ni kazi iliyomkuza Chihiro? Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Wengi huishia hapo. Lakini anaongeza sharti: tendo la fadhila lifanywe kwa kujua, kwa kuchagua, na kwa moyo uliothibiti. Kusugua sakafu kwa kumwogopa Yubaba hakutoshi. Tazama badala yake lile donge la dawa alilopewa na mzimu wa mto. Chihiro analitunza akitumaini litawarudishia wazazi wake utu. Kisha Haku anaumia, naye anampa kipande. Kinachobaki anampa Kaonashi, kiumbe asiye na uso, ambaye muda mfupi kabla alimtolea dhahabu naye akaikataa. Hakuna aliyemwamuru. Kwangu mimi, Chihiro anakua hasa hapo.

Kwa hiyo filamu hii isitumiwe kutetea utumikishaji wa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kusoma.

Wazee wetu nao walijua kwamba ukuaji una njia yake. Kwa Wakaguru na Wasagara, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na wanawake watu wazima, kisha akatolewa kwa ngoma. Yapo ya kukosoa, hasa pale mwali anapokatishwa masomo ili aolewe. Hata hivyo mwali alikuwa na wa kumshika mkono. Chihiro naye anao: mzee Kamaji wa kwenye matanuri, Lin, na bibi Zeniba. Tofauti ni kwamba yeye akitoka hakuna ngoma. Wazazi wake hawakumbuki lolote.

(Mtu wa Kilosa atalitazama kwa jicho la pekee lile treni linalopita juu ya maji. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliikata reli yetu.)

Mtihani wa mwisho ni huu: Yubaba anampanga mbele ya nguruwe wengi, awataje wazazi wake. Chihiro anajibu kwamba hawamo, na ni kweli. Filamu haielezi alijuaje. Ukiitazama na vijana wa parokia, isimamishe hapo kabla hajajibu, uwaulize wangechagua yupi na kwa nini. Tenga saa mbili na ushee, na hakikisha umeme upo.