SOMO: Nani Atalipwa kwa Kupanda Miti?



Tunapozungumza juu ya kupanda miti, swali linalorudi ni hili: mtu mwenye njaa atapandaje mti wa kukatwa baada ya miaka saba? Ni swali la haki. Tutazame namna serikali ya China ilivyolijibu.

Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya sana. Milima ilikuwa imelimwa hadi juu, na udongo ulikuwa unateremka mtoni. Kuanzia mwaka 1999 serikali ikawaambia wakulima: acheni kulima miteremko mikali, pandeni miti, sisi tutawapa chakula. Kwa kila hekta, jamaa ya bonde la Yangtze ilipewa kilo 2,250 za nafaka kwa mwaka. Katika bonde la mto Huang He, ambako mavuno ni madogo, ilikuwa kilo 1,500. Kulikuwa pia na yuan 300 kila mwaka, na fedha za kununua miche. Msaada ulipangwa kuwa wa miaka 8 kwa msitu wa kulinda udongo, na miaka 5 kwa miti yenye mazao kama matunda. Malipo hayakutolewa ovyo: maofisa walikagua kwanza miche iliyoshika.

Walianza na nafaka, si hotuba. Fedha tupu zilichukua nafasi ya nafaka baadaye, kuanzia mwaka 2004. Mwaka 2007 muda uliongezwa, lakini malipo yakapunguzwa karibu nusu. Mkulima asidhani msaada wa namna hii hauna mwisho.

Lakini kuna jambo moja lililowezesha kazi hiyo, nalo kwetu ndilo gumu. Huko ardhi ni ya kijiji, ila kila jamaa ilikuwa na mkataba wa shamba lake. Ilijulikana nani analima wapi, basi ikajulikana nani apewe.

Kwetu Kivu je? Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Desturi inamtambua mwami na wazee. Aliyekimbia vita mara nyingi amebaki na kumbukumbu tu ya mpaka wake. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002, kifungu cha 9, inasema miti iliyo shambani ni ya mwenye shamba. Mwenye shamba ni nani: aliyekimbia, au aliyelikuta tupu akalilima? Fedha za miti zikifika kabla ya jibu, mikalitusi itapandwa kama alama ya mpaka, na anayerudi atakuta msitu wa mwingine. Ndiyo sababu wenye mashamba wengi humruhusu mpangaji kupanda maharagwe, lakini si mti.

Tunashauri mapatano yaandikwe kwanza, mbele ya chifu na majirani wa pande zote: udongo wa nani, miti ya nani, itakatwa mara ngapi, faida igawanywe vipi. Mke na mjane waandikwe pia. Asiyekuwepo atafutwe kambini aliko, hata ikichukua mwezi.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
Katika kijiji chenu, nani anakatazwa kupanda mti, na kwa nini?
Shamba ulilolima msimu huu, mwenyewe yuko wapi leo?